Usifunge tumbo, rudisha maji

Sentensi ninayoisikia dirishani kuliko nyingine yoyote ni hii: "Dada, mtoto anaharisha, nipatie dawa ya kufunga." Mara nyingine mama mwenyewe ndiye anayeisema, mtoto yuko mgongoni, kichwa kimelala upande. Mara nyingine ametumwa dada wa kazi au kaka wa darasa la nne, na jina la dawa limeandikwa kwenye kipande cha daftari. Jina hilo mara nyingi ni Flagyl. Nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Haya ninayoyaandika huwa nayasema kwa haraka, nimesimama, nyuma ya mteja kuna wengine wanne wanasubiri. Nataka leo niyaseme taratibu.

Mtoto anayeharisha na kutapika, mara nyingi sana, haponzwi na mdudu aliyemo tumboni. Anaponzwa na maji na chumvi vilivyomtoka bila kurudishwa. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni maji gani yatarudi, kwa kiasi gani, na kuanzia saa ngapi. Hilo la saa jibu lake ni sasa hivi, kabla hujajitanda kanga kuja dukani. Dawa ya kumtibu mdudu, kama inahitajika, itafuata, na kwa watoto wengi haihitajiki kabisa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa magonjwa ya kuhara huua kila mwaka watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya miaka mitano. Nikilitazama kabati langu, najua kitu kinachoweza kuzuia sehemu kubwa ya vifo hivyo ni paketi ya ORS, unga wa sukari na chumvi wa kukoroga kwenye maji, iliyo rafu ya chini kabisa, bei yake haifikii ya soda. Labda ndiyo maana haiheshimiwi. Mtu aliyefunga safari hadi dukani anataka kidonge, au chupa yenye rangi, au sindano. Ukimpa paketi hiyo anaona umempa maji.

Ngoja nieleze yanayotokea huko ndani, maana nimegundua mama akishaelewa hili habishani tena na paketi. Kwa mtu mzima mwenye afya, lita 8 hadi 9 za majimaji hupita kwenye utumbo kila siku. Tunayokunywa na kula ni kama lita 2 tu. Mengine yanatoka mwilini kwetu wenyewe: mate, majimaji ya tumbo, nyongo, ya kongosho, na ya utumbo wenyewe. Karibu yote yanafyonzwa na kurudi kwenye damu, na chooni kinatoka kiasi kisichozidi kikombe kimoja cha chai. Kazi hiyo ya kufyonza inafanyika usiku na mchana bila sisi kujua. Sasa ikivurugwa hata kidogo, maji yanayobaki bila kufyonzwa hayana pa kwenda ila nje. Ndivyo mtoto wa kilo 8 anavyoweza kulala salama akaamka asubuhi macho yameingia ndani.

Wadudu wenyewe wanavuruga kwa njia tofauti, na dalili hufuata njia hizo. Virusi vya rota vinaharibu seli za juu za vinyweleo vidogo vinavyofyonza kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo mtoto anaanza na homa na kutapika, halafu choo cha majimaji mengi kinachoweza kwenda hadi wiki nzima, mpaka seli mpya ziote. Kipindupindu hakiharibu ukuta wa utumbo hata kidogo. Sumu yake inazilazimisha seli zimwage chumvi, na maji yanaifuata chumvi, ndiyo maana choo kinakuwa kama maji ya mchele na mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima ndani ya saa moja. Shigela, ambaye ni bakteria, huenda utumbo mpana, huingia ndani ya ukuta na kuuchubua: hapo unaona homa, tumbo linakata, mtu anakwenda chooni kila mara akitoa kidogo kidogo chenye kamasi na damu. Norovirusi, ambayo huangusha nyumba nzima kwa mpigo, watoto kwa wakubwa, huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuipata, hutapisha vibaya sana, na kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya siku tatu.

Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofuatilia watoto wenye kuhara kwa wastani na kwa ukali katika nchi saba za Afrika na Asia. Kituo kimojawapo kilikuwa Siaya, magharibi mwa Kenya. Waliotajwa kuwa vinara wa ugonjwa huo kwa watoto wadogo ni virusi vya rota, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, aina fulani ya bakteria E. koli, na shigela. Amiba, kimelea ambaye kila mtu mtaani kwetu anamtaja kwanza, hayumo kwenye hao wanne. Mtoto mdogo anayeharisha maji tu mara chache sana huwa na amiba. Lakini Flagyl ni dawa ya amiba na jiadia, kimelea kingine cha tumboni. Haigusi kirusi chochote. Inachomwachia mtoto mwenye rota ni uchungu mdomoni na kichefuchefu juu ya kichefuchefu alichokuwa nacho.

Sasa habari ya ile paketi, maana ina historia ambayo natamani ifundishwe darasani. Zamani mgonjwa wa kipindupindu alitegemea dripu. Palipokosekana chupa za dripu, watu walikufa. Mwaka 1960, kwenye mkutano mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza jinsi sukari inavyoingia kwenye seli za utumbo: glukosi, ambayo ni sukari, na sodiamu ya kwenye chumvi huingia pamoja, kwa mlango mmoja, huyu hapiti bila mwenzake. Na maji huwafuata. Jambo la ajabu ni kwamba mlango huo hubaki wazi hata utumbo ukiwa unamwaga maji kwa sumu ya kipindupindu. Ukimpa mgonjwa maji matupu, mengi yanapita. Ukimpa chumvi peke yake, haiingii vizuri. Ukiweka sukari na chumvi kwa kipimo kinachoendana, vinaingia, na maji yanaingia navyo. Mwaka 1968 mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, na mahitaji ya dripu yakapungua sana.

Wengi hawakuamini. Kisha ikaja vita ya mwaka 1971, mamilioni wakakimbia Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia India. Kwenye mji wa mpakani wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni, chupa za dripu zinakwisha. Akaamua kutumia mchanganyiko wa sukari na chumvi, uliopimwa na kufungwa kwenye mifuko, ukakorogwa kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakapewa vikombe wawanyweshe wagonjwa wao wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa vikifika kama asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hiyo sehemu ya ndugu kushika kikombe ndiyo inanigusa kuliko takwimu. Hakuwa na wauguzi wa kutosha, akawafanya mama, shangazi na wajomba kuwa wauguzi. Baadaye, katika miaka ya 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba vijijini Bangladesh, wakawafundisha akina mama zaidi ya milioni 12 kukoroga mchanganyiko huo kwa chumvi ya kubana na vidole vitatu na konzi ya sukari guru. Wanawake wengi kati ya hao hawakujua kusoma. Walijifunza kwa mikono.

Kwa hiyo tusidharau. Ila tuikoroge sawasawa, maana hapa ndipo naona mambo yakiharibika.

Paketi zipo za lita 1 na zipo za nusu lita. Soma kwanza. Mtu anachukua ya lita 1 anaimimina kwenye kikombe "ili iwe na nguvu", na nguvu hiyo ni chumvi nyingi mno kwa mwili mdogo ambao tayari hauna maji. Mwingine anamimina kijiko kimoja leo na kuhifadhi nusu paketi kwa kesho. Kijiko hicho hakina kipimo. Paketi yote inaingia kwenye maji yake yote, mara moja. Kipimo kizuri cha nyumbani ni chupa tupu ya maji ya kunywa iliyoandikwa lita 1, na siyo ile ya lita moja na nusu ambayo imejaa majumbani. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, au ya chupa. Usichemshe baada ya kukoroga, usiongeze sukari, usikoroge kwenye maziwa wala juisi. Funika. Kikipita saa 24, mwaga kilichobaki ukoroge nyingine.

Kiasi nacho kina maelezo yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Wa miaka miwili hadi kumi, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka, na aongeze. Kama mtoto ameshaanza kuonyesha dalili za kuishiwa maji lakini bado ana uwezo wa kunywa, kituo cha afya kitamwekea lengo la mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4, yaani mtoto wa kilo 10 anywe mililita 750. Ukiisikia namba hiyo utaona kwa nini vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni havitoshi kitu.

"Lakini anatapika kila ninachompa." Hili nalisikia kila siku na nalielewa, inatia hofu kuona kilichoingia kinarudi. Mara nyingi kinachomtapisha ni kasi. Mtoto ana kiu kali, unampa kikombe, anagida chote, tumbo linarudisha. Akitapika subiri dakika 10. Halafu anza upya na kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Ni kazi inayochosha mkono na mgongo, na usiku inachosha zaidi, lakini hesabu yake ni nzuri: kijiko cha mililita 5 kila dakika ni mililita 300 kwa saa. Hata akitapika sehemu yake, kinachobaki ndani ni kingi. Mpeane zamu. Baba anaweza kushika kijiko, bibi anaweza kushika kijiko.

Na kama paketi haipo na usiku umeingia? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu kwa kisu, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja kabla ya kumpa. Ladha isizidi chumvi ya machozi, ikizidi, mwaga. Tafadhali usibadilishe namba hizo mbili nafasi. Hii ni ya kuvukia hadi asubuhi, duka likifunguliwa kachukue paketi, kwa sababu ina potasiamu pia, na mwili unaoharisha unaipoteza kwa wingi.

Madafu watu wa Pwani tunayaamini, na kweli yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo. Yanafaa kuwa nyongeza pamoja na uji wenye chumvi kidogo na supu. Hayawezi kushika nafasi ya ORS. Soda, juisi za boksi na glukosi ya unga iliyokorogwa kama sharubati zina sukari nyingi kupita kiasi. Sukari isiyofyonzwa inavuta maji kuyaleta utumboni, na choo kinaongezeka. Chai ya rangi yenye sukari nyingi ni hivyo hivyo.

Kitu cha pili nitakachokupa dirishani ni zinki. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri kila mtoto anayeharisha apewe: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi sita, miligramu 20 kuanzia miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Zinki inapunguza siku za kuharisha na inausaidia utumbo kujitengeneza. Watu wanaiacha siku ya tatu choo kikishakaza, na vidonge vinabaki kwenye kopo la sukari. Maliza siku zote, kwa sababu faida yake nyingine ni kumkinga asipatwe tena katika miezi inayofuata.

Chakula asinyimwe. Bado kuna wazee wanaosema tumbo lipumzishwe. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi ya kawaida, na anayekula apewe kidogo kidogo kila saa tatu nne: uji, wali laini, ndizi mbivu, mtori, mchuzi wa samaki, mafuta kidogo. Ugonjwa ukipita aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Mtoto anayeharisha mara kwa mara huku akinyimwa chakula anadhoofika, na mtoto dhaifu ugonjwa unaofuata unamkuta hana akiba.

Kuna mambo mawili ya mtaani ambayo siwezi kuyapita, japo najua yatawaudhi baadhi ya wasomaji.

La kwanza ni meno ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, fizi zimevimba kidogo mahali pa meno ya chonge, na jirani anasema hayo ni meno ya plastiki, apelekwe kwa fundi yakang'olewe. Vile vijinundu ni meno halisi ya mtoto yanayojiandaa kuota. Fundi anachana fizi kwa wembe au kwa kitu chenye ncha, mtoto anapoteza damu juu ya maji anayopoteza, wadudu wanaingia kwenye kidonda, na mtoto hawezi tena kunyonya kwa maumivu. Tunamnyima njia pekee ya kurudisha maji saa ile ile anayoihitaji. Sababu ya umri huo kuwa na kuharisha kwingi ni kwamba ndipo tunapoanza kumpa uji na maji, ndipo anapotambaa na kuokota kila kitu na kukitia mdomoni, na ile kinga aliyoipata kwa mama tumboni imeshapungua. Meno yanaota wakati huo huo, yakabebeshwa lawama.

La pili ni kubemenda. Mtoto akiharisha na kukonda, inasemwa wazazi wamelala pamoja mapema au mmoja ametoka nje, wakambemenda. Sitaki kubishana na mtu kuhusu mila za nyumba yake. Nasema nilichokiona: mama anayeogopa kunyooshewa kidole hampeleki mtoto kituoni siku ya kwanza. Anangoja, anatafuta mizizi kimyakimya, anakuja siku ya nne. Siku tatu kwa mtoto anayeharisha ni nyingi mno. Mama huyo hana kosa lolote la kujibu mbele yangu wala mbele ya muuguzi.

Ugonjwa unatoka wapi? Kwa lugha isiyo na pambo, unatoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia mdomoni kwa mwingine, kupitia maji, vidole, nzi, chakula na vyombo. Mvua za masika zikishika, kwenye mabonde ya Dar es Salaam kuna nyumba ambazo hutapisha vyoo: wanafungua shimo ili mafuriko yabebe kilichomo. Wanafanya hivyo usiku. Asubuhi yake maji yale yamepita kwenye visima vifupi vya nyumba za chini, kwenye uwanja wanakocheza watoto, kwenye meza ya mboga. Najua gari la kunyonya vyoo ni ghali na kwenye vichochoro vyetu halifiki, kwa hiyo siwalaumu majirani peke yao. Hata hivyo ni lazima lisemwe, maana watoto wa nyumba za bondeni ndio wanaolipa. Wala tusidhani kiangazi ni salama: mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianza Agosti, hapa hapa Dar es Salaam, wilaya ya Kinondoni, na ulipoenea mikoani wagonjwa walipita 20,000.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yapozwe kwenye chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, si kwa kikombe kinachozamishwa na kila mpitaji. Kama mkaa ni tatizo, vidonge vya klorini vipo. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 kilichotundikwa nje ya choo kinatosha. Vitakasa mikono vya spiriti, ambavyo tulivizoea wakati wa korona, haviiwezi vizuri norovirusi, kwa hiyo baada ya kusafisha matapishi tumia sabuni, na sakafu uipige na klorini. Choo cha mtoto mchanga watu wanakiona hakina madhara, wanafulia nepi kwenye beseni la vyombo. Kina wadudu wale wale.

Kiporo cha wali kinastahili sentensi zake. Kuna bakteria wa kwenye nafaka ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani kwa joto letu kutoka mchana hadi usiku, wanazaliana na kutoa sumu, na moja ya sumu hizo haiharibiwi na kupasha moto upya. Ndiyo pilau ya shughuli inavyotapisha watu ndani ya saa chache. Wali uliobaki uwekwe kwenye friji mapema, au uliwe siku ile ile.

Antibiotiki zina mahali pake: choo chenye damu na homa, kipindupindu kikali, jiadia au amiba iliyoonekana kwenye kipimo. Maamuzi hayo ni ya mtaalamu aliyemwona mgonjwa. Dawa za kuzuia choo kwa kulegeza utumbo, kama loperamidi, mtoto mdogo asipewe kabisa, na mkubwa mwenye damu kwenye choo asiguse: zinamfungia mdudu ndani. Ukija kwangu na hali hiyo nikikataa kukuuzia, sikunyimi. Mwuzaji wa duka la dawa muhimu alifundishwa pia mahali pa kuishia. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa kusudi hilo, dawa chache zinazoruhusiwa na mtu aliyefunzwa kuzitoa, na akiona dalili za hatari amwelekeze mgonjwa kituoni.

Chanjo ya rota isisahaulike. Tanzania iliianza Januari 2013, matone ya mdomoni, ikipangwa wiki ya 6 na wiki ya 10 baada ya kuzaliwa. Kenya ilifuata Julai 2014. Kabla ya chanjo, rota ilikuwa nyuma ya takriban watoto 4 kati ya kila 10 waliolazwa kwa kuhara duniani. Chanjo haimzuii mtoto asiharishe kabisa, inamzuia asifike pabaya. Angalia kadi ya kliniki, na kama wiki zimepita muulize muuguzi mapema, maana chanjo hii ina umri wake wa mwisho.

Sasa dalili za hatari. Macho yameingia ndani. Utosi wa mtoto mchanga umebonyea. Analia bila machozi, mdomo na ulimi vikavu. Ukifinya ngozi ya tumbo ukaiachia, inarudi polepole, au inabaki imesimama. Hajakojoa saa sita au zaidi. Mwanzoni anakuwa msumbufu na mwenye kiu kali, kikizidi anatulia. Utulivu huo usikudanganye, mtoto aliyelegea asiyetaka tena hata maji yuko karibu na hatari kuliko anayelia. Ongeza hapo damu kwenye choo, kutapika kila kitu hata kwa vijiko, degedege, homa kali, mikono na miguu ya baridi, na kuharisha kulikopita siku 14. Mtoto wa chini ya miezi miwili usimsubirie dalili. Kwa wazee, wajawazito na wenye kisukari au figo, kizunguzungu wakisimama na mkojo kuwa mweusi mchache vinatosha kuwapeleka.

Hapo dripu ina kazi yake, na ni hospitali tu, siyo nyumbani kwa mtu anayetembea na begi. Usisubiri kupambazuke. Kama mtoto bado anameza, korogeni ORS muondoke nayo, aendelee kupewa vijiko ndani ya bajaji hadi mapokezi. Kwenye simu yako andika ametapika mara ngapi na ameharisha mara ngapi tangu asubuhi, alikojoa mwisho saa ngapi, na dawa zote alizokwisha kupewa, za dukani na za kienyeji, kwa majina yake. Usifiche hata moja, kwa sababu watakachomchomea au kumnywesha kitategemea kilichomo tayari mwilini mwake.